Nne na Nusu

Jumanne, wodi ya tatu, Northampton.
Nerys, mtaalamu wa usemi, anachanganya kadi
kama mcheza karata asiyetaka kumshinda mtu.
Anainua moja: mguu wa wino mweusi,
hauna mwenyewe, umeishia juu ya goti.
"Hiki ni nini, Bwana Tebbutt?"

Baba anautazama.
Miaka arobaini na mitatu alishona viatu kwa akina Loasby,
miguu ya nusu ya mji huu
ilipita mapajani mwake, ya mbao na ya nyama.
Kiingereza chetu kinaukata mguu vipande viwili,
wa juu na jina lake, wa chini na jina lake;
yote mawili yamempotea
kama sindano kwenye zulia.
Mdomo unafunguka. Unafungwa.
Kisha anamgeukia Nerys, jicho moja likicheka,
na sentensi inatoka nzima, haina hata kovu:
"Unanivuta mguu, binti."

Ndivyo tusemavyo hapa mtu akitutania.
Nerys anaruka kitini: "Umelisema! Lirudie!"
Lakini limeshaondoka.
Lilipita getini katikati ya wenzake,
mtoto asiyethubutu kupita peke yake.

Koridoni ananieleza kwa sauti ya chini:
damu iliziba kushoto,
maneno ya mojamoja yalikokuwa yakikaa.
Misemo hulala chumba kingine,
pamoja na matusi, sala, na siku za juma.

Basi tukaanza kuwinda.
Mama akaja na bili ya umeme.
"Hii nani ataitia mguu, Cyril?"
(Kulipa, kwetu, ni kutia mguu.)
"Mimi," akasema. "Kama kawaida."
Nikamwuliza bei ya gari jipya la Mjomba Desmond.
"Mkono na mguu!" papo hapo,
na mzee wa kitanda cha jirani,
ambaye sukari ilimkata chini ya goti mwezi Machi,
akacheka mpaka dripu ikatikisika:
"Mimi nimeshalipa nusu!"

Nerys anainua sikio. Kimya.
Anainua bega. Kimya.
Hilo bega nalijua.
Nilipomwacha mume wangu wa kwanza
Baba alinipa bega baridi,
miaka miwili, Krismasi mbili,
kadi zangu zikirudi hazijafunguliwa.
Sasa kila asubuhi namvalisha shati,
mkono uliopooza kwanza,
na bega lile lile lina joto
kama mkate uliotoka sasa hivi.
Hatujalizungumza. Labda hapo ndipo
bubu si yeye peke yake.

Siku ya ndoa yao alichelewa dakika arobaini.
Kanisani wakanong'ona kwamba miguu imempoa,
yaani woga, yaani hatakuja, maskini Enid.
Kumbe yuko kiwandani na ufunguo wa kuazima,
anapuliza kisigino cha kulia cha viatu vya bibi harusi,
gundi imekataa kukauka.
Mama husimulia hivi kila mwaka.
Mwaka huu amesimulia mara tisa.

Ijumaa. Kadi zimetandazwa mezani,
pua, kiwiko, ulimi,
duka la nyama lisilo na mnunuzi.
Mama amechoka na picha.
Anavua kiatu
na kuuweka mguu wake mapajani mwa Baba,
soksi na yote, mbele ya manesi.

Mkono mzima unashuka.
Kidole gumba kinakizunguka kisigino,
kinapanda tao la wayo polepole,
kinasimama penye kinundu
kilichoota mwaka niliozaliwa.
Nerys ameshika kalamu, hapumui.

"Nne na nusu," anasema Baba.
Anafikiri.
"Wa kushoto umezidi kidogo."

Jina halijaja.
Nerys haandiki kitu.
Mama hauondoi.