Unaenda Wapi Wakati wa Baridi

Aprili, Viljandi, saa mbili asubuhi.
Heldur anafungua lango la kitalu kwa teke
maana barafu ya usiku imezishika bawaba,
na foleni ipo tayari: magari manane,
mbwa mmoja,
bibi mmoja na toroli lake mwenyewe.

Koti langu la kazi lina mifuko sita.
Mmoja una mkasi, mmoja una kamba,
minne imejaa udongo ambao sikuuweka mimi.

“Samahani, hii mimea ni hai?”
Ni hai, mama. Hai kunishinda mimi siku ya Jumatatu.

“Huu mtofaa utazaa lini?”
Miaka mitatu. Ukiringa, minne.
“Nina sherehe Jumamosi.”

Kijana ananyanyua kiazi cha dalia,
anakigeuza na kukigeuza kama simu iliyokosa mtandao.
“Juu ni wapi?”
Kilaze ubavu, namwambia, chenyewe kitajua.
Ananitazama kwa mashaka,
utadhani nimempa ushauri wa ndoa.

Mwingine anataka mti wa kukua upesi
halafu uache.
Uache wapi?
Anapitisha kiganja chini ya kidevu chake:
“Hapa. Jirani yangu ni mfupi.”

Halafu anakuja mama na mfuko wa plastiki,
ndani yake kijiti.
“Anaumwa nini?” ananong'ona, asije akasikia mgonjwa.
Ulikuwa ukimmwagilia?
“Asubuhi na jioni. Na chai iliyobaki.”
Na usiku?
“Usiku kidogo tu.”
Nikavua glavu. Kuna habari hazisemwi na glavu mkononi.

“Mna kitu kisichotaka mwanga, wala maji,
wala kukumbukwa?”
Heldur, bila kugeuka:
“Rafu ya tatu. Vya plastiki.”

Watu hudhani tunashinda tukinusa maua.
Mimi nanusa samadi ya kuku, na mpira wa maji,
na supu ya njegere ya Heldur, iliyolala chupani tangu jana.
Kucha zangu zitatakata Krismasi.
Mwezi Mei, redio ikitangaza jalidi,
tunalala humu humu katika banda la kioo,
tumeifunika miche kwa mashuka ya nyumbani;
mke wa Heldur amelala bila shuka
na kesho yake hasemi na mtu.
Koa nao wanakula bila kuuliza swali hata moja.
Siku nyingine nawaona ndio wateja bora.

Mwaka juzi mtoto wa mtu alizibadilisha lebo,
meza nzima, kwa utaratibu, kama karani.
Kiangazi chote simu ililia:
“Nyanya zangu zimechanua bluu.”
“Mnanaa wangu umezaa boga.”
Mmoja tu alipiga kushukuru.

Yule bibi wa toroli anaitwa Leida.
Alizunguka hadi mchana, akasimama mbele ya peoni,
akaisoma lebo kwa miwani, akairudia bila miwani.
“Imeandikwa hurudi kila mwaka.”
Ndiyo, hurudi.
“Unaenda wapi wakati wa baridi?”

Nilikwisha kuukunja uso nicheke.
Nilikuwa na jibu la mizizi, lile la kila siku,
lakini alikuwa akingoja kweli,
mikono yote miwili juu ya mpini.
Chini, nikasema. Hauendi mbali.
“Kama Endel,” akasema. “Tukigombana
alijifungia kwenye banda la zana,
nami nikamwona moshi wa kiko dirishani.”
Akanunua miwili.
Wa pili, alisema, usimsumbue wa kwanza kwa maswali.

Saa kumi na mbili tunavuta lango.
Gari la mwisho linapunguza mwendo, kioo kinashuka:
“Eti, mnauza udongo?”
Nyuma yetu magunia mia nne, yamepangwa hadi paani.
Kwenye nyusi za Heldur, udongo.
Kwenye sikio langu la kushoto, udongo.

“Ngoja,” Heldur akasema, “nikaulize.”