Kilima

Kwanza kibodi tu, mwaka wa tisini na nne:
gari la miraba ya rangi, ukuta wa kijivu,
mama akigonga mlango: Veikko, uji umepoa.

Kisha usukani wa plastiki, nikaubana kwa vibano
kwenye meza ya kupigia pasi.
Kila kona kali, meza ilichechemea.

Sasa usukani hushindana na mabega yangu.
Skrini tatu; nje, theluji ya Kouvola.
Ile njia ya msitu wa Eifel naijua kwa vidole:
hapa gia ya tatu, hapa usiguse breki,
hapa omba.

Juni nikaenda.
Nikakodi kigari chekundu, nikalipa langoni, viganja vimelowa.
Kona zote zilikuwepo, kila moja mahali pake, kama majirani.
Ila kilima!
Miaka thelathini, hakuna aliyeniambia ni kilima.
Tumbo lilibaki juu, mimi nikateremka.
Bibi mmoja mwenye gari la mizigo akanipita,
akanipungia mkono.

Nyumbani nimewasha tena.
Nafika palepale. Barabara imelala bapa kwenye kioo,
na tumbo, lenyewe, linashuka.