Kijiko Baridi

Ng'ombe hakukusudia. Hilo naliweka wazi kwanza.
Kisura, mpole siku zote, aling'atwa na nzi nikimkamua,
na kwato likapita pale palipokuwa na uso wangu.
Machame, alfajiri. Maziwa yakawa rangi ya waridi.

Miaka minne niliishi na pua iliyoelekea Sanya
huku macho yakitazama Moshi mjini.
Watoto wa kipaimara wakaniita Kona.
Sikujali. Kilichonishinda ni tarumbeta:
ubeti wa pili wa mazishi, pumzi inakata,
na marehemu ananingoja kaburini nimalize.

Dokta Ndelilio hakushika kisu siku ile.
Alishika tochi, na kamera, na muda.
Picha sita: mbele, ubavu huu, ubavu ule,
robo huku, robo kule, na moja kutoka chini,
kidevu juu, kama mtu anayetafuta panya darini.
Akabonyeza ncha. Ikazama, ikarudi kwa uvivu.
"Nguzo imelegea," akamwambia mwanafunzi wake.
Akasugua ngozi kwa kidole gumba.
"Nene. Itaficha makosa yangu.
Itaficha na kazi yangu."
Akanivuta shavu pembeni, akasema vuta pumzi,
na hewa ikaingia kushoto
kama mgeni aliyesahau njia.

Kisha kijiko cha chuma, baridi, chini ya matundu.
"Pumua."
Kulia, ukungu mpana.
Kushoto, punje moja ya kahawa.

"Pua si mlima, mzee. Ni hema.
Juu mfupa, chini gegedu, katikati ukuta mmoja.
Ukinyoosha turubai ukaacha nguzo imepinda,
mvua ya kwanza itakuumbua."

Halafu, akiandika, bila kuinua uso:
"Ukijitazama kwenye kioo, unamtafuta nani?"

Nikatoa picha ya baba,
ile ya kadi ya chama cha ushirika, pembe imeliwa na mende.
Akaisogeza dirishani. Akakaa nayo.
"Baba yako alikuwa na kinundu hapa.
Nawe unacho, chini ya huu mvunjiko. Nikiondoe?"

Miaka hamsini na miwili sikuwahi kukiona.
"Kiache," nikasema, na sauti ikatokea puani.

"Sikuahidi ulinganifu," akasema. "Wala sikuahidi baba.
Nakuahidi hewa, Mungu akinijalia."

Nililazwa Jumatatu, Jumanne nikasinzishwa.
Naambiwa alipasua mkato mdogo
kwenye kinguzo kati ya matundu,
akaifunua ngozi kama mtu anayefunua sufuria taratibu,
akatoa kipande cha ukuta kilichopinda,
akakichonga vijiti viwili,
akavirudisha palepale, boriti chini ya paa.
Mfupa akauvunja upya kwa patasi nyembamba.
Mwanangu ni seremala; alielewa kabla yangu.
Sikio langu hakuligusa. Mbavu zangu nazo akaniachia.

Wanasema pua na mdomo ni majirani.
Wiki ile jirani mmoja alifanya kazi ya wote wawili.
Macho ya zambarau, ganda gumu usoni,
Aikaeli akininywesha mtori
na kugeuka ukutani ili nisimwone akicheka.

"Uvimbe una mwaka wake," alisema dokta.
"Usinihukumu kabla ya masika mawili."

Haya ni masika ya pili.
Kijiko kilekile, au ndugu yake.
"Pumua."
Mawingu mawili. Hayalingani:
kulia Kibo, kushoto Mawenzi.
Mwanafunzi anapima kwa rula, anaandika milimita,
anarudia kupima, hajaridhika.
Mimi tayari niko kwenye ubeti wa pili,
nimepita pale pumzi ilipokuwa ikikatikia,
na hakuna aliyenigeukia.

Kisura bado tunaye.
Siku hizi namkamua nikiwa nimekaa upande wa pili.