Kondensa

Kipng'eno aliileta ndani ya gunia la viazi,
na viazi vitatu vilivyosahauliwa chini.
Aliinunua Molo kwa kilo, kama chuma chakavu,
akataka kujua jambo moja tu: ni ya mwaka gani?

Pawasoo haikwambii umri wake mara moja.
Kibati cha jina kilishang'oka, yamebaki matundu mawili
kama ya hereni kwenye sikio la bibi.
Nikakwangua rangi kwa ukucha: kijani cha kiwanda,
chini yake nyekundu ya mtu aliyetaka kuiuza,
chini kabisa njano, njano ya yai la kienyeji.
Haina breki ya mnyororo. Oili unaisukuma mwenyewe
kwa kidole gumba, ukikumbuka.
Mpini wake haujui raba; walioushika
walilala mikono ikiendelea kutetemeka.
"Imekuzidi," nikamwambia. "Huenda imemzidi na babako."

Haikumtosha. Vijana wanataka tarakimu.

Elburgon bado ina ukungu na harufu ya maranda,
ingawa kiwanda cha jirani yangu sasa kinafuga kuku.
Nilitoa plagi, nikailaza juu ya silinda,
nikavuta kamba. Hakuna.
Nikaikinga jua kwa koti, nikavuta tena.
Giza tii.
Kabureta husingiziwa mengi. Moto ukikosekana,
uongo uko nyuma ya gurudumu la sumaku.

Nati ilikataa. Nikaipa dizeli, nikaipa usiku kucha.
Asubuhi ikaachia kwa mlio wa jino.

Ndani: pointi nyeusi kama punje za mahindi yaliyoungua,
koili nzima, sumaku ikiing'ang'ania bisibisi yangu,
na waya uliofungwa kwa uzi wa kushonea viatu,
ukasokotwa kushoto.

Kushoto.
Mjini hapa alisokota hivyo mtu mmoja,
kwa kuwa kidole chake cha shahada kilibaki kwenye msumeno wa bendi.
Shitandi. Aliyenifundisha kupima nafasi ya pointi
kwa kadi ya kliniki ya mwanawe:
iingie kama barua chini ya mlango, isisukumwe.

Shitandi, aliyenisimamisha mbele ya wateja
akageuza mifuko yangu nje kama utumbo wa mbuzi,
akitafuta kondensa mpya iliyotoka Nakuru kwa basi,
ile aliyoikwaruza S kwa msumari asubuhi hiyo.
Hakuiona. Akasema nimeimeza. Watu wakacheka.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Nilishika njia ya reli na bisibisi moja,
na jina jipya.

Nikapangusa grisi kwa pindo la ovaroli.
S.
Imelala mahali pake, skrubu imekazwa,
kazi safi, kazi ya mtu aliyeweka kitu
kisha akaitwa nje kupokea pesa, au salamu.

Alizikwa Malava. Sikwenda.
Nilipopata habari nilikuwa nanoa mnyororo, nikaendelea kunoa.

Nimwonyeshe nani sasa? Kipng'eno yuko kwenye gogo, anatafuna muwa.
Nikatia bisibisi kwenye skrubu ile.
Ingekaa vizuri mfukoni, ndogo kama kifundo cha kidole.
Nusu mzunguko. Robo nyingine.
Nikasita: nikiitoa leo,
Shitandi atakuwa alisema kweli.

Nikaikaza.

Nikasugua pointi kwa msasa, nikakata kona
ya kadi yangu mwenyewe ya kliniki, ya sukari,
nikaiingiza kama barua.
Kamba. Cheche ya buluu, nyembamba,
inalia ti, ti, kama mtu anayesonya chumba cha pili.

"Sasa, fundi, ni ya mwaka gani?"

Nikamwambia ilipoundwa sikuwepo.
Lakini ilitengenezwa hapa mwaka wa tisini na nane,
Aprili, Jumanne, saa nne kasoro.

Akaandika yote kwenye kiganja.