Mikono ya Jumatatu

Jumatatu ya pili ya Februari
Milembe aliinamia hesabu za sehemu
kama mtu aliyeangusha sindano,
akatapika.
Saa mbili na robo, darasa la tano B.
Wenzake wakasogeza madaftari. Ngassa akacheka.
Nilimkazia macho, akanyamaza.

Mimi ndiye mwalimu wa afya hapa Usoke.
Cheo hicho nilipewa kikaoni, nikiwa nje napokea simu;
niliporudi walikuwa wameshaniandika.
Nina kabati lenye kufuli, bandeji mbili,
chupa ya spiriti, na bango la kunawa mikono
ambalo mchwa wamekula mahali palipoandikwa sabuni.

Nilidhani ni njaa: nikampa uji, ukarudi.
Nilidhani ni malaria: zahanati wakamtoboa kidole,
kipimo kikakataa.
Ofisini wakadhani yale ambayo watu hudhani
msichana akitapika. Nayo yakakataa.

Nikabaki na daftari la mahudhurio.
Nilikuwa nikilijaza tu, sijawahi kulisoma.
Vistari vyekundu vilisimama Jumatatu chini ya Jumatatu
kama nguzo za uzio:
Milembe, Kashindye, Holo, pacha wawili wa Mhoja,
wote wa ng'ambo ya reli,
wote wa kwenye mabani.

Ndipo nikamshika mkono.
Ulinata.
Utomvu mweusi ulikuwa umejaa kwenye mistari ya kiganja,
ile ambayo waganga husema ni ya maisha.
"Umechuma lini?"
"Jana, mwalimu. Na juzi. Alfajiri,
jani likiwa na umande."
"Na kichwa?"
"Kinazunguka. Baba anasema nitazoea."

Jioni nikavuka reli na hotuba yangu mfukoni.
Lusangija alikuwa akisukuma gogo kwenye tanuri la bani,
jasho limemchora shingoni.
Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu,
kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani.
"Mwalimu," akasema, "mbolea ya mkopo haijui Jumatatu.
Chama kinanidai mifuko minane."
Katika hotuba yangu
hapakuwa na jibu la mifuko minane.

Nyanzala, mama mtu, alikuwa chini akishona majani kwenye ufito.
Hakuinua kichwa.
"Mwambie na wewe ulivyokuwa unatapika."

Moto ukapasua gogo.
Mbwa akahama.

"Nilikuwa natapika," Lusangija akasema,
akiuambia moto, si mimi.
"Miaka miwili. Kisha nikaacha shule.
Nilidhani ni shule inayonitapisha."

Hakuna aliyeapa kitu usiku ule.
Tulibishana tu: yeye akasema umande ukauke kwanza,
mkewe akasema ukauke usikauke, mtoto hachumi,
atabaki na wadogo zake na sufuria,
na kama mikono imepungua, basi na shamba lipungue.
Yeye akasema, tutaona.
Mimi nikaacha kipande cha sabuni ya mche juu ya kinu
nikajiona mjinga njia nzima,
sabuni nusu kwa deni la mifuko minane.

Jumatatu iliyofuata Milembe alichelewa,
sare yake ikinuka moshi, moshi mtupu.
Kiganja kikavu. Robo tatu ukitoa nusu
alipata robo, akanionyesha kabla sijauliza.
Kashindye hakuja. Holo hakuja.
Nikaweka vistari, nikaandika pembeni, kwa penseli,
siku ya kuvuka tena.

Kengele ikalia, wakamiminika kwenye uji.
Ngassa peke yake akabaki, akijifanya anafuta ubao.
Ngassa ambaye hajakosa hata siku moja,
ambaye mstari wake kwenye daftari langu
ni mweupe kama unga.
Akaja hadi mezani, hakusema neno,
akafungua mkono.
Vidole viliachana polepole, kimoja kimoja,
vikinata.