Mizani Saba

Nimelikuta shairi, nyuma ya bili ya maji,
mwandiko wake Zahori, asokuwa msemaji.
Ruwi, eda, adhuhuri; mgeni simhitaji.
Vidoleni nakariri: nane kwa nane, sihoji.

Kina cha kati ni “nia”, cha mwisho nakuta “huba”;
beti zote zaishia: “Thuweba, ewe Thuweba.”
Ndani akiniitia: “We mama,” neno la haba;
hapa amelirudia mara tisa, kama toba.

Mshororo wa hatima, mizani imevunjika.
Ni saba. Narudi nyuma: saba tena. Nashituka.
Nitie silabi njema, nijaze palipong’oka?
Sijazi. Asiyesema
hapo alitamka.