Andika Nilivyosema

Somoe, rudisha mlango, mbuzi asiingie,
kaa mkekani, fungua kaunta buku.
Jana uliponisomea nilisikia mtu wa redio,
sikujisikia mimi.
Wapi nilisema "licha ya ulemavu wangu"?
Sijawahi kutembea na Licha hapa Newala.
Natembea na fimbo ya mkorosho
na kisigino kinachoijua njia ya sokoni:
mchanga ukilainika, nimefika kwa Chilumba fundi baiskeli.
Futa.
Andika nilivyosema.

Surua ilinikuta na miaka mitano,
korosho zinadondoka.
Kitu cha mwisho nilichokiona sawasawa ni bibo,
jekundu, limepasuka, nyuki mmoja juu yake.
Usiniongezee machozi. Sikulia.
Nilidhani usiku umechelewa tu kwisha.

Andika: wageni walipokuja
mama alinipeleka jiko la nyuma,
akanipa ming'oko nimenye, mdomo uwe na kazi.
Nikamsikia barazani akiwahesabia wanawe:
wanne.
Tulikuwa watano.

Mbona kalamu imesimama?

Najua. Baba yako alikuja juzi, akakaa hapohapo ulipokaa.
"Dada, mama yuko kaburini, hawezi kujibu,
nawe unamwanika kama makopa juu ya bati."
Sikulala.
Nilimpepeta mama usiku kucha,
pumba huku, mchele huku, vikarudi kuchanganyika.
Basi andika na hili, mstari unaofuata,
usiruke ukurasa:
mama huyohuyo alinibeba mgongoni
akashuka nami mlima hadi Ndanda, siku mbili,
ndara moja imekatika,
daktari akasema hakuna la kufanya,
akapanda nami tena.
Sijui yupi kati yao ndiye mama.
Wote wawili walinuka moshi uleule.
Usiandike kwamba nimesamehe.
Wala usiandike kwamba sijasamehe.
Acha nafasi.
Kidole kimoja yatosha.

La mzani ni fupi. Ghalani karani alinisomea: arobaini na mbili.
Gunia lile nililitoa shambani kwa kichwa changu,
na shingo hii, ingawa haina muhuri wa serikali,
haijawahi kunipunja.
Nikasema, "Asome mwingine."
Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka.
Arobaini na tisa.
Jina lake? Weka herufi ya kwanza.
Wanaomjua watajaza.

*

Ponsiana wa steshenari aliuliza picha ya jalada.
Yeye alipenda mkono ulioshika mshumaa.
"Mshumaa wa nini, Ponsiana? Umeme umekatika?"
Weka bibo. Na nyuki, kama wino unatosha.

Nakala thelathini, pini mbili mbili.
Nilizipapasa zote, moja baada ya moja,
hakuna iliyonitambua.
Karatasi ilikuwa na joto bado, kama mkate,
na mimi nimo humo, sijisomi.

*

Leta tena buku, Somoe. Tunaongeza.
Jana bombani, foleni imefika kwenye mwembe wa Abeid,
nyuma yangu binti alikuwa akimsomea mama yake.
Nikasikia ming'oko. Nikasikia wanne.
Alisoma kwa kukwama, kidole kwenye neno nadhani,
na alipofika kwenye ile nafasi ya kidole kimoja
akanyamaza, kama vile imeandikwa anyamaze.
Mama yake hakusema kitu.
Maji yalijaza ndoo ya mtu, yakamwagika.
Ndipo akasema, taratibu, si kwa binti, si kwangu:
"Nami ninaye. Yuko ndani."

Sikujitambulisha.
Zamu yangu ilikuwa imefika.
Nilivuta ndoo yangu pembeni,
nikamwambia, "Kinga wewe, uwahi nyumbani."

Hilo andika.
Kijiji chake usikitaje.